Seva ya Hifadhidata Ijiwashe Yenyewe: Jibu kwa Msomaji wa Tandahimba

Swali: Kumbukumbu za uzito wa korosho za chama chetu cha msingi ziko kwenye MySQL, programu ya hifadhidata, ambayo niliitoa katika faili lililobanwa na kuiweka kwenye kompyuta ya Windows. Kila asubuhi karani hufungua dirisha jeusi na kuandika amri ndipo seva iwake. Dirisha likifungwa, kazi husimama. Nifanyeje?

Jibu: Ndugu msomaji, seva iliyowashwa ndani ya dirisha la amri huishi na kufa pamoja na dirisha hilo. Unachohitaji ni kuisajili kama huduma ya Windows, yaani programu ambayo Windows yenyewe huiendesha bila dirisha, ili iwake pamoja na kompyuta hata kabla karani hajaingiza nywila yake, jambo litakalowafaa sana wakati wa msimu, umeme unapokatika na kurudi huku wakulima wamepanga foleni mizanini.

Kabla ya yote, toa nakala ya data kwa mysqldump, chombo cha kunakili kinachokuja na MySQL, na uihifadhi nje ya kompyuta hiyo. Kisha izime seva kwa mysqladmin -u root -p shutdown, kwa kuwa seva mbili haziwezi kushika lango moja la mtandao (port), yaani 3306, wala folda moja ya data. Fungua dirisha jipya la amri ukiwa na haki za msimamizi, ingia kwenye folda ya bin iliyo ndani ya folda ya MySQL, na uandike:

mysqld --install MySQL --defaults-file=C:\mysql\my.ini

Badilisha njia hiyo ifuate mahali faili lako la mipangilio lilipo, kisha iwashe huduma kwa net start MySQL.

Wengi hukwama hapa. Iwapo my.ini haitaji folda sahihi ya data katika mstari wa datadir, huduma hugoma kuwaka, na mtu mwenye haraka hukimbilia mysqld --initialize, ilhali amri hiyo ni ya kuandaa seva mpya, si ya kuponya iliyokwisha kuwa na kumbukumbu za watu. Nakusihi usiiguse. Soma kwanza faili lenye mwisho wa .err ndani ya folda ya data, kwani sababu huandikwa humo waziwazi.

Ikiwa ni kompyuta hiyo moja tu inayotumia hifadhidata, ongeza bind-address=127.0.0.1 chini ya [mysqld] katika my.ini, ili mashine nyingine za mtandao wa ofisi zisiifikie.

Mwishowe iwashe kompyuta upya na uandike sc query MySQL. Ukiona neno RUNNING, karani aanze kupokea magunia.