Unapoanza kuchunguza galaksi zilizoacha kuzaa nyota

Wengi huingia kwenye kazi hii wakiwa na jibu tayari: galaksi ilizaa nyota kwa kasi, gesi ikaisha, basi. Liweke pembeni jibu hilo kabla hujagusa data. Mwaka 2015, mwanaastronomia K. Decker French na wenzake walitafuta kaboni monoksaidi, ambayo ndiyo hutuonyesha ilipo gesi baridi ya haidrojeni, katika galaksi 32 zilizoacha kuzaa nyota. Waliipata katika 17, na baadhi ya hizo zilikuwa na gesi yenye uzito wa Jua mara mabilioni. Gesi ipo, nyota hazizaliwi. Kwangu mimi hapo ndipo utamu wa kazi hii ulipo.

Anza na spektra, yaani mwanga wa galaksi uliogawanywa kwa urefu wa mawimbi, na uitazame kwa macho yako kabla ya kuiachia programu. Ukisharudisha mawimbi, ambayo hurefuka kwa kupanuka kwa ulimwengu, kwenye urefu wake wa asili, nenda kwenye nanomita 410. Ukiona bonde lenye kina, yaani mwanga uliofyonzwa, hiyo ni haidrojeni-delta, mojawapo ya alama za haidrojeni, inayofyonzwa sana na nyota za kundi A, ambazo huishi mamia ya mamilioni ya miaka na hata zaidi ya bilioni. Kisha nenda nanomita 656, kwenye haidrojeni-alfa. Pasipo na mwinuko, yaani mwanga wa ziada unaotolewa na gesi, nyota za kundi O, zenye joto kali kuliko zote na zinazoishi miaka milioni chache tu, hazipo tena. Yaani juzijuzi, kwa kalenda ya galaksi, nyota zilizaliwa kwa wingi, halafu uzazi ukakatika. Wanaastronomia Alan Dressler na James Gunn walizieleza galaksi za namna hii mwaka 1983, na hadi leo tunazitambua kwa dalili hizohizo.

Lakini usiuamini upesi ukimya wa haidrojeni-alfa. Vumbi zito huweza kuficha nyota changa kabisa, kwa hiyo linganisha na infraredi au redio, mawimbi yanayopenya vumbi. Na kinyume chake, mwinuko mdogo si lazima utokane na nyota. Shimo jeusi la katikati linaweza kuuwasha. Ukizitupa galaksi zote zenye mwinuko, utakuwa umezitupa zilezile ambazo huenda shimo jeusi lina mkono ndani yake. Angalia pia eneo lililopimwa: uzi wa kioo wa SDSS, mradi wa kupima anga, ulichukua mwanga wa duara la sekunde 3 za tao tu (sekunde moja ya tao ni 1/3600 ya digrii), na kwa galaksi iliyo karibu hicho ni kitovu peke yake. Kingo zinaweza kuwa bado zinazaa.

Kuhusu chanzo cha uzazi kukatika, usikimbilie kimoja. Upepo unaofukuza gesi ni wa kweli. Katika galaksi ya M82 tunauona ukitoka juu na chini ya sahani yake ya nyota. Ila gesi iliyobaki inaweza pia kuvurugwa kiasi kwamba haijikusanyi ikawa nzito. Mwaka 2018, timu ya French ilitumia ALMA, mkusanyiko wa darubini za redio nchini Chile, kutafuta sianidi ya haidrojeni, kiashiria cha gesi nzito, katika galaksi mbili zenye kaboni monoksaidi tele. Haikuonekana. Ndiyo maana ukiandika ombi la muda wa darubini, omba molekuli zote mbili. Kaboni monoksaidi peke yake itakuambia gesi ni kiasi gani, si kama iko tayari kuzaa nyota.