Waifai inashika karibu na ruta tu

SWALI: Naishi Majengo, Moshi. Laptopu yangu yenye Ubuntu inashika waifai nikiwa mezani kwenye ruta. Nikihamia chumba cha pili, mtandao unakata. Ilipokuwa na Windows haikusumbua, na simu inashika vizuri nyumba nzima. Ninunue kadi mpya?

JIBU: Usinunue bado, ndugu msomaji. Simu ikishika vizuri pale pale, ruta haina kosa. Fungua temino (dirisha la kuandikia amri) uandike:

lspci | grep -i network

Ukiona RTL8723BE, yaani aina ya kadi yako ya waifai, tatizo hili linajulikana sana. Kadi hiyo ina sehemu mbili za kuchomeka antena, ila laptopu nyingi zimefungwa waya mmoja tu, na draiva (programu inayoendesha kadi) ya Linux, mfumo ulio ndani ya Ubuntu, inaweza kusikiliza sehemu isiyo na waya. Ukikaa jirani na ruta inaokota mabaki ya mawimbi, ndiyo maana hapo inafanya kazi. Ielekeze hivi:

echo "options rtl8723be ant_sel=2" | sudo tee /etc/modprobe.d/rtl8723be.conf

Zima laptopu, washa. Isipobadilika weka 1 badala ya 2.

Pima kabla na baada, ukiwa umekaa palepale: iw dev itakupa jina la kadi, mfano wlp2s0, kisha iw dev wlp2s0 link. Tazama mstari wa signal, yaani nguvu ya mawimbi, inayopimwa kwa dBm. -50 dBm ni nzuri sana, -67 inatosha hata kwa video, -80 ni shida.

Kadi hii haioni kabisa bendi ya GHz 5, kwa hiyo acha GHz 2.4 ikiwa imewashwa kwenye ruta.