Barua kwa mwanangu: nyumba za chuoni na waliolala ndani

Mwanangu mpendwa,

Umeuliza nani alizijenga zile nyumba za zamani mlizokabidhiwa na kamati ya historia ya chuo, na jina la nani liandikwe kwenye vibao. Mjenzi nitakuonyesha pa kumtafuta. Ila mimi ningependa uniulize nani aliishi humo.

Anza na ardhi, usianze na jina unalolisikia kantini. Soma kwenye ramani ya upimaji namba ya shamba la zamani, uende nayo kwa Msajili wa Hati. Kila uhamisho umeandikwa na tarehe yake. Jihadhari na jina la kwanza katika daftari la Waingereza, mara nyingi si la mjenzi. Mashamba ya Wajerumani yalichukuliwa baada ya Vita ya Kwanza yakauzwa kwa wengine, na Vita ya Pili ilipokuja, waliokuwa wamerudi wakanyang'anywa tena. Kisha mwaka 1963 umiliki huru ukageuzwa kuwa ukodishaji wa miaka 99, na 1969 ukodishaji nao ukageuzwa kuwa haki ya umiliki. Karatasi zinabadilika na hakuna aliyehama.

Nyumba yenyewe nayo inasema. Pima vyumba kwa mita na kwa futi. Kikija mita 4 kwa 5 kamili, fikiria Mjerumani. Kikija futi 12 kwa 14, fikiria Mwingereza. Pima palipobanduka plasta, maana sentimita mbili kila upande zinakuharibia hesabu. Kumbuka pia kwamba reli ilifika Moshi 1911 na Arusha 1929, kwa hiyo ukikuta mihimili mizito ya chuma, jiulize kwanza ilibebwaje. Namba za milangoni usiziamini: zimepakwa upya mara nyingi, na namba 7 ya leo yaweza kuwa namba 4 ya zamani. Linganisha picha za zamani kwa vitu visivyohama, kama bomba la moshi, nguzo za baraza na shina la mjakaranda.

Sasa waliolala ndani. Nenda Idara ya Miliki uombe madaftari ya samani. Kila mpangaji alipoingia alitia sahihi vitanda, meza na viti, na alipotoka akatia tena, kwa hiyo unapata jina na tarehe mbili. Pengo kati ya sahihi moja na nyingine usilijaze kwa kubahatisha. Daftari hilo lakini litakutajia nyumba ya mbele tu. Wa kwota ya nyuma, yaani vyumba vya watumishi, hawakusaini kitu.

Hapo ndipo moyo unaponichemka. Unakumbuka walipozindua kile kibao cha kwanza, kwenye nyumba aliyopikia babu yako. Jina lililochongwa lilikuwa la mkuu aliyekaa pale muda mfupi. Shangazi yako, aliyezaliwa kwenye ile kwota, alikisoma mara mbili, akauliza mbele ya wageni: "Na sisi tulikuwa wapi?" Hakuna aliyemjibu. Labda nawaonea, walikuwa na hati mezani, na hati haina mpishi. Lakini karatasi nyingine zilikuwepo, hazikutafutwa tu.

Tazama Tengeru, karibu na Arusha. Kuanzia 1942 waliishi pale wakimbizi wa Kipolandi wapatao 5,000. Vibanda vyao vimetoweka, na hakuna hati ya shamba itakayokutajia hata mmoja wao. Majina utayasoma makaburini. Mwenye hati ni mmoja, waliolala ndani ni wengi. Nimekwambia hivyo tangu ukiwa shule ya msingi.

Kwa watu wa kwota, omba ruhusa usharikani usome madaftari ya ubatizo. Utakutana na akina Yohana kumi, maana mtu alipewa jina jipya na la ukoo likaachwa. Usiwatenganishe kwa jina. Watenganishe kwa jina la mama, wasimamizi wa ubatizo na kijiji walichotoka. Wazee usiwaulize mwaka. Waulize kama ilikuwa kabla ya Uhuru, baada ya Azimio, au wakati wa Vita ya Kagera, na mtoto gani alikuwa mgongoni. Waulize mmoja mmoja. Wakikaa pamoja, mwenye sauti kubwa atawajibia wote. Andika maneno yao kama walivyoyasema, na yakipishana na daftari, weka yote mawili.

Kuhusu kibao, hilo ni la kamati. Sitaki usimame kikaoni useme baba kasema. Aliyejenga alitoa fedha, hilo silikatai, na mkuu naye aliishi pale kweli. Lakini kibao kina nafasi ya mistari zaidi ya mmoja... basi, niishie hapo.

Kabla fundi hajaanza kuchonga, mpelekee shangazi yako orodha ya kwota, imeandikwa kwa herufi kubwa. Anawajua watoto wa nyumba zile zote kwa majina ya mama zao, na safari hii aulizwe mapema.

Baba yako
Moshi