Muulize Fundi: Kabureta Inasingiziwa Sana

Mwezi huu barua zimekuja nyingi na karibu zote zinalia kilio kimoja, pikipiki ya zamani haitulii sailensi, yaani ule mlio wa chini injini ikiwaka bila kushika resi. Hii ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu kijana kaeleza vizuri, hizo nyingine nitazipita mbio maana ukurasa ni huu huu mmoja.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni dereva boda hapa Nkuhungu, pikipiki yangu ni 125 ya injini ya CG, nimeinunua kwa mtu ikiwa na miaka yake mingi tu. Asubuhi inawaka bila shida, ila ikishapata moto nikisimama kwenye mataa au nikimshusha abiria inaanza kutetemeka, inamisi, mwisho inazima, na hapo kuiwasha napiga kiki mpaka jasho. Kitu kingine nikiachia resi mlio unabaki juu kidogo halafu ndo unashuka ghafla. Fundi wa hapa kijiweni alisema kabureta imekufa, nikanunua mpya, ikatulia siku tatu ikarudi kulekule. Sasa nimepandisha skrubu ya sailensi inalia kama mashine ya kusaga, nikiishusha inazima. Plagi nikiitoa ni nyeupe nyeupe. Nifanyeje, maana hela ya bosi iko palepale kila jioni?

JIBU: Marahaba kijana wangu, pole na bosi. Wewe mwenyewe umeshaandika majibu kwenye barua yako ila hukujua kama ni majibu. Tuanze na hilo la kabureta mpya. Kama kweli kabureta ndo ingekuwa mgonjwa, mpya ingemaliza kazi, isingetulia siku tatu tu. Alichofanya yule fundi nadhani ni kuipandisha sailensi wakati anafunga, ukaona imepona, mitetemo ikailegeza skrubu, ukarudi kulekule. Kupandisha sailensi ni kumeza panadol wakati jino limeoza.

Mimi nikiletewa pikipiki ya hivi sigusi kabureta kwanza, naanza na tapeti, yaani ile nafasi ndogo kati ya valvu (vimlango vya kuingiza hewa na kutoa moshi) na roka (vyuma vinavyozisukuma). Najua vijana wengi mnaona kazi ya tapeti ni kuondoa kelele, kwa hiyo injini ikiwa kimya mnafurahi. Sasa sikiliza, tapeti inayogonga gonga kidogo haina madhara makubwa, inayotisha ni iliyo kimya kabisa. Kadiri valvu inavyopigwa miaka inazama taratibu kwenye kiti chake, ile nafasi inakwisha, na valvu ya moshi ikishapata moto chuma chake kinarefuka, haifungi sawasawa, kompresheni (ule mgandamizo ndani ya silinda) inavuja. Ukiwa mbio huoni kitu kwa sababu injini inazunguka haraka hamna muda wa kuvuja, lakini kwenye sailensi hewa inayoingia ni kidogo na mzunguko ni wa polepole, hapo ndo inaumbuka. Na ndo maana asubuhi ya baridi iko sawa, mchana wa Dodoma ikiwa ya moto unapiga kiki mpaka jasho.

CG ina bahati moja, ilitengenezwa kwa ajili ya watu kama sisi. Honda waliitoa mwaka 1976 wakilenga nchi ambazo pikipiki inapigishwa kazi na haionani na fundi mara kwa mara, wakaweka injini ya fimbo mbili za kusukuma roka badala ya mnyororo wa juu, kwa hiyo tapeti zake unapima mwenyewe chini ya mwembe. Iache ilale usiku mzima, usipime injini ya moto hata kama una haraka. Toa plagi, fungua kava la juu, weka gia ya mwisho, sukuma pikipiki mbele polepole huku umechomeka mrija wa soda kwenye tundu la plagi (ushikilie mkononi usiuache humo). Angalia roka ya upande wa kabureta, itashuka halafu itarudi juu, ikisharudi endelea kusukuma kidogo mpaka mrija unafika juu kabisa unataka kuanza kushuka. Hapo roka zote mbili zinatakiwa kucheza kidogo ukizitikisa kwa vidole. Kama moja haichezi hata punje umemkamata mwizi.

Nafasi ya CG ni milimita 0.08 kote kuwili, ya kuingizia na ya moshi. Kama huna fila geji (vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi), wembe wa kawaida wa kunyolea una unene wa milimita 0.1, ukipita kwa kubana bana upo pazuri, ukipita unaogelea umelegeza mno. Unalegeza nati ya loki, unarekebisha, unaibana huku umeishikilia ile skrubu ya katikati isizunguke, halafu UNAPIMA TENA, kwa sababu ukibana nati vipimo vinahama na hapo ndo wengi wanaharibu. Kama pikipiki yako sio CG basi usichukue hizi namba zangu, kila injini ina zake.

Haya, hiyo ni nusu ya ugonjwa. Nusu ya pili ni huo mlio unaobaki juu ukiachia resi, pamoja na plagi nyeupe. Hiyo ni hewa inaingia mlango wa uani. Injini inavuta hewa ambayo haikupita kwenye kabureta, mafuta yanakuwa machache kuliko hewa, inaungua kikavu. Na mi naweka dau imeanza, au imezidi, siku ulipofungiwa hiyo kabureta mpya. Kuna kile kipande cheusi kigumu kati ya kabureta na injini, kina oringi ndani, yaani pete ya mpira ya kuziba. Fundi akichukua ile oringi ya zamani iliyokwishabonyea akairudisha, au akabana nati mbili za kabureta kwa nguvu za bega, uso wa kabureta unapinda kwa sababu chuma chake ni laini, katikati panabaki mwanya huuoni kwa macho.

Kuujua ni rahisi. Washa, iache kwenye sailensi, chukua chupa ya kupulizia maji uweke maji ya sabuni, puliza kidogo kidogo kuzunguka pale kabureta inapokutana na injini na kwenye kile kipande cheusi. Mlio ukibadilika, ukashuka au ukatulia ghafla, umepata. Wengine wanapuliza petroli, hilo usifanye, bomba la moshi liko karibu hapo na bosi wako hatakuelewa ukimrudishia mkaa. Tiba ni oringi mpya, na kama uso umepinda, tandika msasa laini kabisa juu ya kipande cha kioo, sugua uso wa kabureta kwa mzunguko mpaka ung'ae wote sawa, osha vumbi lote, funga nati kidogo huku kidogo kule, usimalizie upande mmoja. Zikishika inatosha.

Hapo sasa ndo unaweza kushika bisibisi ya kabureta. Ipashe moto injini dakika kama kumi, itembeze kabisa. Kuna skrubu mbili, ya sailensi ambayo inainua kile kigudulia cha resi kinachofungua njia ya hewa, na ndogo ya mchanganyiko wa hewa na mafuta. Hii ndogo ifunge taratibu mpaka igote, usiikaze ina ncha kama sindano itavunjika, halafu ifungue mzunguko mmoja na nusu. Washa, izungushe robo robo kwenda na kurudi mpaka upate pale injini inapolia juu zaidi na laini zaidi, halafu shusha kwa ile ya sailensi. CG inatakiwa izunguke mara 1,400 hivi kwa dakika, na kwa kuwa wengi wetu hatuna geji ya mizunguko, ni pale unapoisikia inahesabika lakini haikohoi. Angalizo, skrubu ndogo ikiwa upande wa eakilina (chujio la hewa) hiyo inapima hewa, ukiifunga mafuta yanazidi, ikiwa upande wa injini inapima mafuta, ukiifunga mafuta yanapungua. Nimeona watu wazima wakigombana kijiweni kwa hili na wote walikuwa sahihi, kila mtu na kabureta yake.

Na ukiizungusha hiyo skrubu kutoka mwanzo mpaka mwisho injini haibadiliki mlio wala nini, basi jeti ndogo, kile kipande chenye tundu la kupitisha mafuta ya sailensi, imeziba. Tundu lake halifiki nusu milimita, vumbi letu la kiangazi likiingia na mafuta yakikauka humo linakuwa kama saruji. Ifungue, iloweke kwenye petroli safi au dawa ya kabureta, pulizia upepo. Usichomeke waya wa chuma! Mi wakati najifunza kazi nilichomeka waya wa breki ya baiskeli kwenye jeti ya pikipiki ya mteja, likazibuka kweli, ila tundu likapanuka na ile pikipiki ikala mafuta mpaka nikamnunulia jeti mpya kwa hela yangu ya chakula. Kama lazima uzibue tumia unyuzi mmoja wa ndani ya waya wa umeme, ule wa shaba, ni laini.

Plagi nayo, ukiwa umeshaitoa, nafasi yake iwe milimita 0.6 mpaka 0.7, na usiku zima taa uangalie waya wa plagi injini ikiwaka, ukiona cheche za bluu zinarukia kwenye chuma waya au kofia imepasuka. Tapeti na uvujaji ukishamaliza niandikie imekuaje.

SWALI: Fundi habari. Nimetoka na pikipiki yangu Dar nimehamia kikazi Ihumwa. Dar ilikuwa imetulia kabisa, huku inatoa harufu ya mafuta, plagi nyeusi, sailensi inakohoa kohoa. Nimeuziwa mafuta machafu?

JIBU: Nzuri kaka, karibu Dodoma. Mafuta usiyalaumu kwanza. Dar uko usawa wa bahari, huku uko mita 1,100 na ushee juu yake, hewa ni nyepesi karibu kwa sehemu moja ya kumi, lakini kabureta yako haijui kama umehama, inamimina mafuta yaleyale ya Dar. Rekebisha ile skrubu ndogo kama nilivyomwambia kijana wa Nkuhungu hapo juu, kupunguza mafuta. Robo tatu za hizi kesi zinaishia hapo. Ila pia kagua eakilina, kama umepita nyuma ya malori kwenye barabara za vumbi inaweza kuwa imeshajaa, na eakilina iliyoziba inaleta dalili hizo hizo.

SWALI: Hujambo fundi, mimi ni mama mjasiriamali niko Kongwa, pikipiki yangu napelekea mahindi na alizeti mnadani. Inatembea vizuri kama nusu saa, halafu inaanza kumisi, nikisimama inazima haiwaki. Nikikaa chini ya mti robo saa inawaka kama haikuwa na kitu.

JIBU: Sijambo mama, shikamoo. Siku ikizima tena, kabla hujaenda mtini, fungua mfuniko wa tenki. Ukisikia inavuta pumzi fyuu, halafu ikawaka papo hapo, basi kitundu cha hewa kwenye mfuniko kimeziba, mafuta yanashindwa kushuka. Kizibue na upulizie upepo, umemaliza bila kununua kitu. Kama haikuvuta pumzi, legeza ile skrubu ya chini ya bakuli la kabureta uyapokee mafuta kwenye kikopo cheupe. Ukiona maji au kutu chini, tenki lisafishwe na uweke chujio. Na mafuta ya chupa ya barabarani mama yangu, naelewa huko vijijini wakati mwingine ndo yapo hayo hayo, ila yaache yatulie na uyachuje kwa kitambaa. Vyote viwili vikiwa safi, mpe fundi akague koili inayopeleka umeme wa cheche kwenye plagi, nayo ikipata moto huwa inakata ikipoa inarudi.

SWALI: Oya fundi, washkaji wanasema nikitoa eakilina pikipiki inakuwa nyepesi na sailensi inatulia. Kweli? Niko Bahi.

JIBU: Bahi hiyo yenye upepo ule wa mwezi wa nane? Acha mdogo wangu. Utaona nyepesi wiki mbili, vumbi linasaga pistoni na ringi zake, halafu utaanza kuongeza oili kila wiki na moshi wa bluu utakutambulisha kabla hujafika. Ya sponji ioshe kwa maji ya sabuni, ikauke kabisa, idondoshee oili kidogo uikamue. Ya karatasi igonge gonge upulizie upepo kutoka ndani kwenda nje, ikiwa hoi nunua nyingine.

SWALI: Fundi mimi sailensi napandisha makusudi, nikiishusha taa ya mbele inafifia usiku sioni mashimo. Kuna ubaya? Kijana wa Veyula.

JIBU: Kwenye hizi za zamani taa ya mbele nyingi inakula umeme moja kwa moja kutoka kwenye koili za sumaku, haipiti betri, kwa hiyo ikififia ukisimama ndo ilivyoumbwa. Sailensi ikiwa juu unachoma mafuta bure, gia ya kwanza inaingia kwa kishindo, na ukiachia resi pikipiki inakusukuma badala ya kukushikilia. Safisha kwanza ile waya ya hasi iliyofungwa kwenye chasisi, ing'oe, isugue na msasa mpaka chuma kionekane, ifunge tena. Angalia na balbu kama uliyofungiwa ni ya wati zinazotakiwa, maana nimekuta pikipiki kibao zimefungwa balbu kubwa kuliko koili inavyoweza kulisha.