Kabla hujafungua data za Mshtarii, piga hesabu ya Io

Wengi wetu huingia katika fani hii ya kuchunguza uga wa sumaku wa sayari na picha ya Dunia kichwani: upepo wa jua, yaani mkondo wa chembe zenye chaji kutoka kwenye Jua, unaugonga uga wa sumaku, nguvu inatoka nje kuja ndani. Iweke kando kwanza. Kwa Mshtarii, chanzo kiko ndani. Plazima, yaani gesi ya chembe zenye chaji ya umeme, inatokana na mwezi wake Io, na kinachoizungusha ni mzunguko wa sayari yenyewe.

Chukua karatasi. Mshtarii hujizungusha kwa saa 9 na dakika 55. Io iko kilomita 422,000 kutoka kitovu chake. Plazima inayozunguka sambamba na sayari, ikiwa umbali huo, hukimbia kilomita 74 kwa sekunde. Io huchukua saa 42 na nusu kumaliza mzingo mmoja, yaani kilomita 17 kwa sekunde. Toa: plazima inaipita Io kutokea nyuma kwa kilomita 57 kila sekunde. Mimi sikuifanya hesabu hiyo mapema. Nilikesha siku nyingi nikitafuta kosa kwenye programu kwa sababu mkia wa mvurugo, yaani plazima iliyovurugwa baada ya kuupita mwezi, ulikuwa mbele ya mwezi, kule unakoelekea. Kosa halikuwapo. Mkia ulikuwa mahali pake.

Sasa fuata chembe moja. Atomu ya salfa iliyotoka kwenye volkano za Io inapoteza elektroni. Papo hapo uga unainasa, nayo inaanza kuzunguka duara lenye nusu kipenyo cha kilomita kama 10, huku ikiburutwa na mkondo mzima. Io hutoa takribani tani moja ya gesi kila sekunde. Nani analipa gharama ya kuisukuma yote hiyo?

Hapa usiwe na haraka. Vitabu vitakwambia plazima "imegandishwa" kwenye uga, yaani huenda pamoja nao, na ni kweli kwa sehemu kubwa, lakini neno hilo hulifunika swali. Msukumo unatoka kwenye ionosfia ya Mshtarii, yaani tabaka la juu la angahewa lenye chaji, unafika kwa mikondo ya umeme inayopita kando ya mistari ya uga. Plazima ikienda mbali zaidi, mikondo hiyo inashindwa kuikimbiza, na plazima inaanza kubaki nyuma ya mzunguko wa sayari. Mwanafizikia Hill alieleza kikomo hicho mwaka 1979, mwaka uleule chombo cha Voyager 1 kilipopita Mshtarii. Mikondo hiyohiyo ndiyo inayohusishwa na duara kuu la aurora, yaani mianga ya angani karibu na ncha za sayari. Nikiona mchoro wa mikondo, swali langu la kwanza ni: inafungia wapi, yaani inakamilisha wapi mzunguko wake wa umeme? Lifanye liwe lako.

Safari ya plazima kwenda nje si mtiririko laini. Mirija ya uga, yaani mafungu ya mistari ya uga, iliyojaa plazima baridi na nzito husukumwa nje na mzunguko, na mirija yenye plazima moto na nyepesi huingia kushika nafasi yake. Kwenye vipimo vya chombo cha Galileo kilichozunguka Mshtarii, mirija hiyo ya pili huonekana kama vipindi vifupi ambapo uga unaongezeka kidogo. Ukilainisha data kabla ya kuitazama ikiwa ghafi, umeifuta.

Halafu kuna mwinamo. Mhimili wa sumaku wa Mshtarii umeinama nyuzi kama 10, hivyo tabaka la plazima hupanda na kushuka, na chombo kilicho karibu na ikweta hulivuka mara mbili kila mzunguko. Msongamano ukibadilika ghafla, angalia kwanza chombo kilikuwa umbali gani kutoka katikati ya tabaka. Zohali, ambako mhimili wa sumaku karibu unalingana na ule wa mzunguko, kisingizio hicho hakipo.