Nitumie mzizi, acha majani

Nyanya zangu zinanyauka mchana, jioni zinachangamka. Nimekutumia picha ya majani, ni ugonjwa gani? (Usa River)

Jani halitanijibu. Chimba mche mmoja kwa jembe, usiuvute, suuza mizizi kwenye ndoo. Ikiwa imevimba mafundomafundo, ni minyoo fundo, viminyoo vidogo vya ardhini vinavyoshambulia mizizi. Kama ni myembamba na safi, tuongee upya.

Nimechemsha mwarobaini, nikanyunyizia wiki tatu. Mbona minyoo ipo tu? (Himo)

Kwa sababu minyoo iko ardhini na wewe unaosha majani. Halafu azadiraktini, ile dawa unayoifuata kwenye mwarobaini, huharibika kwa moto na kwa jua. Umeipika kwanza, ukaianika baadaye. Chukua mbegu, zitwange, au tafuta mashudu yake, uchanganye na udongo wiki kadhaa kabla ya kuhamisha miche. Kila mwezi napokea barua ya supu ya majani. Tafadhali, sufuria irudi jikoni.

Eti bangi mwitu inaua minyoo? Shambani kwangu imejaa. (Tengeru)

Inapunguza, na polisi hawahusiki: hii ni ndugu wa marigodi ya bustanini. Mizizi ya jamii hiyo ina alfa-tathienili, sumu inayomdhuru mnyoo anapouingia mzizi ulio hai. Ndiyo maana kukata majani na kuyatandaza chini ya nyanya hakukupi faida ile. Marigodi ipandwe peke yake, isonge, ikae walau miezi miwili, ndipo nyanya zifuate palepale. Mistari miwili ya maua pembeni ya shamba ni mapambo.

Na palilia! Watu wanapanda marigodi na kuacha mnavu katikati kwa sababu ni mboga. Mnavu unailisha minyoo hiyohiyo. Jike mmoja hutaga mayai mamia, na penye joto kizazi kipya huwa tayari ndani ya mwezi mmoja hivi. Bangi mwitu nayo usiiache ikomaze mbegu, utaijutia misimu mingi.

Maharage yangu yana vinundu mizizini. Nimwage dawa gani? (Hai)

Usimwage kitu. Kinundu kinachobanduka kwa ukucha na ndani ni chekundu ni mbolea ya bure. Fundo la minyoo halibanduki, ni mzizi wenyewe umevimba.

Je, maji ya tumbaku? Ni ya asili, hayana madhara. (Arusha mjini)

Nikotini ni ya asili, na inaua watu. Tumbaku pia inaweza kuleta virusi kwenye nyanya zako. Hapana.

Migomba yangu inaanguka na mkungu. Nipande marigodi kihambani, kwenye shamba la migomba la nyumbani? (Kibosho)

Kivulini itadumaa tu. Minyoo inayokula mizizi ya migomba hadi ianguke mara nyingi huja na chipukizi la kuomba kwa jirani. Kabla ya kulipanda, menya tunguu, lile shina nene la chini, hadi libaki jeupe, lichovye kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30. Hapo ndipo sufuria ina kazi.