Mbegu za maua ya Alpi zimekataa kuota Malindi: kosa ni mbegu, maji au udongo?

SWALI: Natunza bustani kwenye nyumba ya Mtaliano hapa Malindi. Safari hii amekuja na pakiti za mbegu za maua ya milimani kwao, edelvaisi, jentiana na saksifraga, na anataka bustani ya mawe kama zile za Alpi. Nilizipanda kwenye trei, nikazifukia vizuri, nikamwagilia asubuhi na jioni. Jentiana haikutoka hata moja. Edelvaisi zilichipua chache, zikalala chini zikafa. Je, ni udongo wetu wa matumbawe?

JIBU: Udongo wa matumbawe usiusingizie. Edelvaisi kwao humea kwenye miamba ya chokaa, na saksifraga nyingi vilevile. Zile zenye ukingo mweupe kwenye majani, weupe huo ni chokaa inayotoka kwenye vitundu vya jani lenyewe. Jentiana ndiyo ya kuangalia, maana kuna aina ya chokaa na aina inayoikataa.

Yaliyotokea kwenye trei yana sababu mbili. Mbegu ya jentiana imejifunga, na haifunguki mpaka ipitiwe na baridi yenye unyevu, wiki 6 hadi 8 kwenye nyuzi 2 hadi 5 za Selsiasi. Kwao kazi hiyo hufanywa na theluji. Hapa ungeichanganya na mchanga uliolowa kidogo, ukaitia kwenye mfuko wa plastiki na kuiweka kwenye friji, sehemu ya chini, siyo kwenye friza. Edelvaisi nayo huhitaji mwanga ili iote, kwa hiyo haifukiwi. Hunyunyizwa juu ya mchanga na kugandamizwa kwa kiganja tu. Hizo chache zilizolala chini ziliuawa na kinyausi, ule ukungu unaokata mche shingoni, usawa wa udongo. Joto, trei isiyopitisha hewa na maji mara mbili kwa siku ndiyo karamu yake.

Lakini hata ukirekebisha yote hayo, mmea hautafika mbali, na hili bosi wako aambiwe mapema kabla hajanunua mawe. Tatizo ni usiku. Mchana jani hutengeneza sukari, usiku mmea huitumia kwa kupumua, na kadiri joto linavyopanda ndivyo inavyotumika haraka. Kwenye Alpi usiku wa kiangazi mara nyingi hushuka chini ya nyuzi 10. Malindi, hata mwezi wa Julai, usiku hukaa kwenye nyuzi 22 hivi. Mmea unakula kuliko unavyopika, unadhoofika, kisha unyevu wa bahari unaingia kwenye manyoya ya majani na kuyaozesha. London kwenyewe, bustani ya Kew ilipojenga nyumba yake ya mimea ya Alpi, iliyofunguliwa 2006, ilibidi hewa ipitishwe kwanza kwenye mapito yaliyo chini ya ardhi ili ipoe.

Kinachoweza kuhamia Malindi ni ujenzi wa bustani yenyewe. Huko Ulaya wanaojua kazi hii huogopa maji yaliyotuama mizizini wakati wa baridi kuliko baridi yenyewe, kwa hiyo bustani nzima hujengwa ili maji yapite. Nasi tuna mvua za masika, ambazo Mei zinaweza kugeuza tuta zima kuwa tope.

Chagua mahali pa jua, mbali na maji ya bati. Tandaza vifusi vya mawe sentimita 20 hadi 30. Juu yake weka mchanganyiko wa debe mbili za mchanga wa mto, debe moja la kokoto ndogo, debe moja la udongo na nusu debe ya samadi iliyooza kabisa. Mchanga uwe wa Sabaki, si wa ufuoni, kwa sababu chumvi itaunguza ncha za majani. Mawe nunua ya timbo. Matumbawe ya baharini usiyaguse, na Malindi ni hifadhi ya bahari tangu 1968. Kila jiwe lizame theluthi moja ardhini na liinamie nyuma kidogo, ili mvua ielekee mizizini badala ya kuporomosha udongo mbele. Jiwe lililowekwa juu juu litacheza, na chini yake siafu watahamia. Mawe makubwa yaweke upande unaotoka kusi, mimea ikae nyuma yake.

Kwa mimea, wa kwanza ni waridi la jangwani, lile la shina lililovimba. Ni la pwani hii hii, na halishangazwi na chokaa. Liinue kidogo ili shingo ya shina ikae juu ya udongo, kisha lizungushie kokoto sentimita 3. Likibonyea ukiligusa wakati wa masika, limeoza: kata mpaka ufikie nyama safi, liache kivulini likauke siku kadhaa, ndipo ulipande tena. Utomvu wake ni sumu, ulitumika kwenye mishale, kwa hiyo vaa glavu na weka mbali na watoto na mbuzi. Mshubiri, sansevieria na zile yuforbia fupi za miba zinafuata. Iksora usiiweke hapo. Chokaa huzuia chuma kisifike kwenye jani, nayo hubaki njano yenye mishipa ya kijani hata uimwagie samadi kiasi gani.

Maji ni mara moja kwa wiki wakati wa kaskazi, na masika usimwagilie kabisa.

Na mbegu zilizobaki: kuingiza mbegu nchini kunahitaji kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, na cheti cha afya ya mimea kutoka zinakotoka. Muulize bosi kama anavyo kabla hajaleta pakiti nyingine.